Sikilizeni Mkono wa Kushoto

Wakubwa wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuja na mvua hii na foleni hii, na poleni mliosimama kule nyuma. Nimeambiwa viti vingine vinaletwa.

Mwenyeji wetu aliponipigia simu wiki mbili zilizopita alikuwa na ombi dogo. Alisema, "Mwalimu, kijana wetu atapiga piano walzi nne, zile ngoma za Ulaya za mapigo matatu. Watu wetu muziki wanaupenda, lakini huu wa kukaa kimya kwenye kiti, bila kuitikia, bila kutunza, bila kuinuka, unawapa tabu. Njoo uwaambie wafanye nini." Nikamwuliza, kwani wewe huwa unafanya nini? Akacheka. Akasema yeye huwa anatazama vidole.

Kutazama vidole si kosa. Nami jioni hii sina ombi kubwa kuliko hilo, ila nalipunguza kwa nusu: mkivitazama, vitazameni vya mkono wa kushoto.

Najua mnachojiuliza. Wimbo si uko kulia? Uko kulia, ndiyo. Mkono wa kulia ndio unaong'ara, ndio unaopanda na kushuka, na ndio mtakaoondoka nao mkiimba kimoyomoyo hadi kituo cha daladala. Mkono wa kushoto katika walzi unafanya kazi ya mtu anayetwanga: chini, juu, juu, chini, juu, juu, ukurasa baada ya ukurasa. Mwanafunzi wa piano akipewa walzi, mkono wa kushoto anaumaliza siku ya kwanza, anadhani ameujua. Miaka mitano baadaye ndipo anagundua kwamba ule ndio uliokuwa mgumu.

Tujaribu kitu. Wekeni mkono wa kushoto juu ya paja. Moja: kiganja kizima, kizito. Mbili, tatu: ncha za vidole tu. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Wanakwaya mliomo humu mnaijua hii, ni tatu kwa nne ileile mnayohesabiwa mazoezini. Vizuri. Sasa ile ya pili iwahi kidogo, kidogo sana, kama mtu aliyekosa subira, halafu ya tatu ije kwa wakati wake. Moja-mbili, tatu. Moja-mbili, tatu. Mnaona? Bibi yangu pale safu ya pili bega limeshaanza kuyumba. Hivyo ndivyo wapigaji wa Vienna, mji mkuu wa Austria, wanavyoipiga mpaka leo, na ule uwahi wa pigo la pili hauandikwi kwenye karatasi. Unarithiwa.

Walzi haikuzaliwa kwenye ukumbi wenye viti. Ilizaliwa vijijini, Austria na kusini mwa Ujerumani, ngoma ya wakulima wenye viatu vizito, mwanamume kamshika mwanamke kiunoni, wanazunguka. Ilipoingia mjini na kufika kwenye majumba ya wakubwa ikazua zogo. Mwaka 1816 gazeti la The Times la London liliandika kwa ghadhabu kuhusu walzi iliyochezwa kwenye dhifa ya kifalme, likaiita ngoma ya kigeni isiyo na adabu, likawaonya wazazi walinde mabinti zao. Wazee wetu waliokuwa wakiwafukuza mabinti kwenye chakacha wasidhani walikuwa wa kwanza.

Ngoma ya kuchezwa ina sheria yake. Mpigaji ni mtumishi wa miguu ya watu. Akichelewesha pigo, mtu anamkanyaga mwenzake. Akiharakisha, mama mwenye gauni refu anakwenda chini. Mtunzi Franz Schubert aliifanya sana kazi hiyo: marafiki zake wakikusanyika Vienna, yeye alikaa kwenye piano akawapigia wacheze, mwenyewe hainuki. Walzi zake nyingi ni fupi, za nusu ukurasa, kwa sababu zilikuwa za kazi.

Halafu mwaka 1819 Carl Maria von Weber, Mjerumani, akamtungia mkewe Caroline kipande alichokiita Aufforderung zum Tanze, yaani Mwaliko wa Kucheza. Ni walzi, tena ya kusisimua, lakini mbele yake ameweka utangulizi wa taratibu, na nyuma yake ameweka mwisho wa taratibu, na katikati walzi kadhaa zimeunganishwa kama shanga. Huwezi kuicheza yote. Ukijaribu utabaki umesimama katikati ya sakafu hujui pa kuweka mguu. Weber hakuwa anawapigia watu wacheze. Alikuwa anawasimulia watu waliokaa kwamba kuna wawili wanacheza. Nitairudia hii baadaye, maana ina mtego, na mimi niliingia.

Sasa Chopin. Fryderyk Chopin alifika Vienna Novemba 1830, ana miaka 20, amebeba matumaini. Siku chache baadaye Warsaw ikalipuka, Wapoland wameinuka dhidi ya Warusi. Rafiki aliyesafiri naye akarudi kupigana. Yeye akabaki, mgonjwamgonjwa, ndugu zake wako kwenye vita, na mji aliomo unacheza walzi usiku na mchana. Strauss baba na Joseph Lanner ndio walikuwa wafalme. Wachapishaji walikuwa na haja na walzi zao kuliko na kijana wa Kipoland mwenye maandiko magumu. Chopin alimwandikia mwalimu wake akinung'unika kwamba huku walzi nazo zinaitwa kazi za sanaa. Na katika barua nyingine akakiri kwamba hajaambukizwa chochote cha Vienna, hata walzi hajui kuipiga inavyotakiwa.

Nampenda sana kwa barua hiyo. Mtu huyu ndiye aliyekuja kuandika walzi ambazo leo kila anayegusa piano duniani anazikuta njiani. Aliondoka Vienna mwaka 1831, akatua Paris, na walzi yake ya kwanza kuchapishwa, Opus 18 ya E flati meja (Opus ni namba ya kazi ya mtunzi), ikatoka mwaka 1834. Inaanza na noti moja inayorudiwarudiwa, kama mtu anapiga baragumu mlangoni: njooni, sakafu iko wazi! Watu wanajitayarisha kuinuka. Halafu walzi inaanza, na haichezeki. Inachezeka, lakini ukiifuata itakuacha.

Kwa nini itakuacha? Hapa ndipo mkono wa kushoto unapoingia.

Wasipokuwapo wachezaji, mpigaji ameachiwa huru. Hakuna mguu wa mtu utakaokanyagwa. Anaweza kuvuta, anaweza kukimbia, anaweza kusimama kwenye noti moja tamu mpaka achoke. Wapigaji wabovu hufanya hivyo hasa, mikono yote miwili inayumba pamoja kama walevi wawili walioshikana mabega. Chopin mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake kinyume: mkono wa kushoto ndio kiongozi wa bendi, unashika wakati, wa kulia ndio mwimbaji, aseme atakavyo. Franz Liszt, mpiga piano na mtunzi aliyemsikia Chopin kwa masikio yake, alimwonyesha mwanafunzi wake miti nje ya dirisha: tazama, upepo unacheza na majani, lakini mti uko palepale. Wa pwani hapa tungesema mnazi. Makuti yanapigana na kusi, shina limetulia. Ila shina la mnazi nalo linainama kidogo, nalo mpigaji hodari analijua hilo.

Mimi somo hili sikulipata kwa Chopin wala kwa Liszt. Nililipata kwa kibao kibovu.

Piano nilijifunzia kwenye shule moja ya pwani, sitaitaja, maana iliyokuwa nayo ilitupa bure na kwa moyo. Ilikuwa piano ya kusimama, iliyokuja na meli kabla sijazaliwa. Chumvi na unyevu vilikuwa vimeshaila. Vibao vitatu ukivibonyeza vinazama, haviinuki mpaka uvitoe kwa ukucha. Na kibao kimoja cha chini, E flati, kilikuwa bubu. Unakibonyeza, unasikia mbao tu: tok. Na mimi, kwa ujinga wa umri wa miaka 16, katika kitabu kizima nilichagua walzi gani? Opus 18. E flati meja. E flati ndiyo nyumbani kwa walzi ile. Kila baada ya safari ndogo ya kulia, wa kushoto unarudi nyumbani, na kila nikirudi nyumbani nakuta mlango hakuna. Tok, juu, juu. Tok, juu, juu.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa haukosi. Nilijivunia. Siku moja mwenzangu wa bwenini, asiyejua noti hata moja, kijana wa mpira, alisimama mlangoni akasikiliza, halafu akasema, "Wimbo wako mzuri, lakini unachechemea." Hakusema kuna sauti imekosekana. Alisema unachechemea. Alikuwa amesikia mguu.

Tangu siku hiyo, piano yoyote nikiisogelea, kwanza nabonyeza za chini.

Nieleze kidogo kinachotokea pale chini, maana kuna mwili mwingi kuliko mnavyodhani. Pigo la kwanza liko mbali upande wa kushoto, kwenye nyuzi nene. Pigo la pili na la tatu ziko karibu na katikati, sauti mbili au tatu kwa pamoja. Mkono unapiga chini na papo hapo unaruka kwenda juu, pengine nafasi ya shubiri mbili na zaidi, na unatakiwa utue bila kutazama na bila kishindo. Ukiinua kidole chini, sauti ile nene inakatika, kwa sababu kila uzi una kizuizi laini kinachourudia na kuunyamazisha. Kwa hiyo mguu wa kulia unakanyaga pedali, vizuizi vyote vinainuka, na ile sauti ya chini inabaki ikivuma wakati mkono umeshaondoka. Halafu pedali inaachiwa kabla ya pigo la kwanza linalofuata, sauti zisichanganyikane zikawa uji.

Mtazameni kijana wetu mguuni. Chini, juu. Chini, juu. Ukumbi mzima umekaa, na mguu mmoja tu ndio unaocheza walzi. Ni wake.

Nimesema ukumbi. Niseme kweli, neno hili kwa Chopin lisiwadanganye. Hakupenda kumbi kubwa. Maonyesho yake ya hadhara maisha yote yanakadiriwa kuwa kama thelathini tu. Aliandika kwa ajili ya sebule za Paris, watu hamsini, mishumaa, na mke wa balozi akipepea. Onyesho lake la mwisho Paris lilikuwa Februari 16, 1848, kwenye vyumba vya mtengenezaji wa piano Pleyel, tiketi mia tatu. Mapafu yalikuwa yameshakwisha. Baada ya trio ya Mozart, yaani kipande cha wapigaji watatu, na vipande vyake mwenyewe vingi akamalizia na walzi, ile ya D flati meja ya Opus 64 namba 1, ambayo watu wameibandika jina la Walzi ya Dakika. Wiki moja baadaye Paris ikawa na mapinduzi mitaani. Mwaka uliofuata, Oktoba, Chopin akafa, ana miaka 39.

Kuhusu Walzi ya Dakika: haichukui dakika. Inachukua moja na nusu, karibu mbili. Wapo wanaoikimbiza waivunje rekodi, na mimi nikiwasikia hutamani kuwapa maji ya kunywa. Tupite.

Walzi alizozichapa mwenyewe ni chache, nane tu. Zilizobaki aliagiza zichomwe. Rafiki yake Julian Fontana hakuzichoma. Mwaka 1855, miaka sita baada ya mazishi, akachapa tano nyingine. Nyingine zimeendelea kujitokeza moja moja. Hata juzijuzi, Oktoba 2024, maktaba ya Morgan ya New York ilitangaza kwamba imekuta kwenye makusanyo yake kikadi kidogo cha ukubwa wa kiganja, kina walzi ya A maina yenye vipimo 24, kwa mwandiko wa Chopin. Nimeisikiliza. Inaanza kwa kunong'ona, na punde tu inapasuka kwa kishindo ambacho hukitarajii kwenye kitu kidogo vile. Walzi ya kijana mwenye hasira. Mnajua alikuwa wapi miaka ile.

Sasa za leo. Kijana atapiga tatu za Chopin na moja ya Weber. Alitaka kumalizia na Mephisto ya Liszt, ile ambayo shetani anaingia kwenye baa ya kijijini, ananyang'anya fidla na kuipiga mpaka watu wanapagawa, nayo inaanza na nyuzi za fidla zikitiwa sauti, moja juu ya nyingine. Ni kazi kubwa na naipenda. Lakini piano hii tumeikopa, na aliyetukopesha yumo humu ukumbini. Brahms naye ana walzi kumi na sita za mwaka 1865, za watu wawili kwenye piano moja, tamu kama kashata. Hizo tuziweke kwa siku nyingine.

Ya kwanza ni Opus 34 namba 2, A maina. Nimemwomba aanze na hii kwa makusudi. Nimewasumbua robo saa kwamba wimbo uko kulia na kushoto kuna kutwanga. Hapa Chopin amepindua. Wimbo unaanza kushoto, kwenye sauti za chini, kama mwanamume mzima anayejisemea kizani, na mkono wa kulia ndio umepewa kazi ya kupiga mbili, tatu. Ni ya taratibu mno. Walzi, lakini ya mtu aliyekaa ukutani akiwatazama wengine. Inasemekana ndiyo Chopin mwenyewe aliyoipenda kuliko zote, na siwezi kushangaa. Baadaye wimbo unahamia kulia, jua linatoka kidogo, na mwisho kabisa ule wa kushoto unarudi. Ukirudi mtaujua kama mnavyoijua sauti ya baba akigonga mlango.

Ya pili ni Opus 42, A flati meja, ya mwaka 1840. Inaanza na mtetemo mrefu wa noti mbili, kama kengele inayokataa kunyamaza. Halafu sikilizeni vizuri. Mkono wa kushoto unasema moja-mbili-tatu kama kawaida. Wa kulia, ndani ya muda uleule, unaimba moja, mbili. Mbili juu ya tatu. Vitabu vya Ulaya hulieleza jambo hili kwa kurasa nyingi, na wanafunzi wa kule hulia machozi nalo. Hapa kwetu mtoto aliyekulia karibu na ngoma hana haja ya kuelezwa. Aliyewahi kupiga makofi kwenye chakacha wakati msondo unasema lingine, hiyo hiyo. Hapa mikono yenu pajani itawachanganya. Fuateni mmoja, mwacheni mwingine apite. Robert Schumann, mtunzi na mhariri wa jarida la muziki, aliandika kuhusu walzi hii kwa utani kwamba mtu akiwapigia watu waicheze, basi walau nusu ya wanawake ukumbini wawe mabinti wa nasaba wenye vyeo. Alikuwa anasema sakafu hii si ya kila kiatu.

Ya tatu wengi mmeisikia hata kama jina hamlijui: Opus 64 namba 2, C shapu maina. Ina sehemu tatu. Ya kwanza inasita, kama mtu anayeanza sentensi na kuiacha. Ya pili inakimbia, noti ndogondogo mfululizo, kama maji kwenye mfereji. Ya tatu inatulia na kupumua kwa upana. Ile ya kukimbia inarudi mara tatu, noti zilezile, na swali langu kwa kila mpigaji ni moja: mara ya tatu una jipya gani la kusema? Wengine hupiga kwa sauti ndogo zaidi, wengine huvuta noti za ndani ambazo mwanzoni zilijificha. Kijana ameniambia atafanya nini. Sitawaambia. Mwisho inapanda juu, inapungua, inayeyuka.

Kabla ya ya nne, neno kwa watakaotaka kusikiliza nyumbani. Msisikilize kwa spika ya simu. Spika ya simu haina sauti za chini. Ni ile piano yangu ya shule, yote ni tok, juu, juu. Tafuteni visikizi vya masikioni, hata vya bei ya chini. Na mkitafuta mtu wa kumsikiliza, mtafuteni Dinu Lipatti.

Lipatti alikuwa mpiga piano Mromania, alizaliwa Bucharest mwaka 1917. Alikuwa na saratani ya tezi za limfu, na alijua. Julai 1950, dawa mpya ilipompa nafuu ya wiki kadhaa, alirekodi Geneva walzi 14 za Chopin: zile nane, tano za Fontana, na moja ya E maina. Alizipanga kwa mpangilio wake mwenyewe. Septemba 16 mwaka uleule akaenda Besançon, Ufaransa, kupiga mbele ya watu. Daktari wake hakutaka aende. Alipiga Bach, Mozart, Schubert, kisha akaanza zile 14. Redio ya Ufaransa ilikuwa inarekodi, kwa hiyo tunayo. Unamsikia, walzi moja, ya pili, ya tano, ya kumi. Mkono wa kushoto hauyumbi. Mimi nimekaa na rekodi ile usiku mwingi nikitafuta mahali ambapo mgonjwa anasikika, sikupaona. Alipomaliza ya 13 mikono ilikataa. Imebaki moja, Opus 34 namba 1, ya A flati, yenye furaha kuliko zote. Hakuipiga. Alitoka jukwaani, akarudi baada ya muda, akakaa, akapiga kipande kifupi cha Bach, kile cha Yesu anabaki furaha yangu. Desemba 2 akafa, ana miaka 33.

Walzi ile ya 14 tunayo ya Geneva. Ya Besançon haipo. Nikisikiliza rekodi ya Besançon, ikifika mwisho huwa siizimi mara moja.

Basi, Weber, na mtego wake.

Utangulizi ni mazungumzo. Mwanamume anamwendea bibi. Huyo ni sauti ya chini, mkono wa kushoto, anaongea kwa heshima. Bibi anajibu juu, mkono wa kulia, kwa kukwepakwepa. Anasogea tena, anashikilia ombi. Bibi anakubali. Wanaongea kidogo, wanashika nafasi zao sakafuni. Weber mwenyewe alimweleza mkewe hivyo, hatua kwa hatua. Halafu walzi inaripuka, inazunguka, inapumzika, inazunguka tena, inafika kileleni kwa mapigo mazito ya kumalizia. Pam, pam. Kimya.

Nilikuwa mwanafunzi Ujerumani, mwaka wangu wa kwanza, koti la kuazima, nimekaa safu ya nne. Pam, pam, kimya. Nikaruka juu. Nikapiga makofi kwa nguvu zote za mtu aliyelelewa kwenye ngoma, na nadhani nilipiga na kelele. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Niko peke yangu, mimi na bwana mmoja wa safu ya nyuma kabisa ambaye alikuwa ameshakaa. Mpigaji ametulia, mikono juu ya vibao, anasubiri kwa adabu. Nikakaa. Ndipo ile sauti ya chini ikarudi, ya taratibu, ya mkono wa kushoto: yule mwanamume anamrudisha bibi kwenye kiti chake na kumshukuru. Sekunde chache. Bibi anajibu. Imekwisha.

Mama mzee aliyekaa kando yangu hakunitazama. Alinigusa mkono tu, akasema polepole kwa Kijerumani, "Kila mtu mara moja."

Kwa hiyo tuelewane. Viti vimefika? Haya, kaeni. Simu tafadhali, hata zile za mtetemo. Kijana yuko tayari kule pembeni, namwona anapasha vidole moto. Akipiga zile za Chopin, makofi ni yenu, mapema au baadaye, hakuna atakayewalaumu. Kwenye Weber mimi nitakuwa nimekaa hapa, kiti hiki cha pembeni, mnaniona wote. Mpaka muone nimeinua mkono huu wa kushoto, hakuna makofi.